Olympos au Naoussa? Uende wapi Ugiriki ukitaka kupiga picha za mavazi ya asili

Tuanze na majina, maana yameshawala watu nauli. Olympos ninayoisema hapa si ule mlima wa Zeu. Ni kijiji kilichokaa juu ya mgongo wa mlima, kaskazini mwa kisiwa cha Karpathos. Na Naoussa si ile ya kisiwani Paros, yenye mashua na pweza walioanikwa kambani. Ni mji wa bara, katika Makedonia ya Ugiriki, kama kilomita 90 magharibi mwa Thessaloniki. Mwaka wangu wa kwanza nililipia chumba Paros nikidhani nakwenda kwenye kanivali ya Naoussa. Niliposhtuka zilikuwa zimebaki siku nne: nilifungua ramani nijue nitashukia kituo gani cha basi, nikaona bahari pande zote. Pesa haikurudi.

Tangu hapo, kila mpigapicha mwenzangu anayenipigia simu, awe Dar, Mombasa au Ujerumani, akauliza "nina siku chache, niende wapi?", namrudishia swali: unataka kuipiga nguo ikiwa imevaliwa, au ikiwa inavaliwa? Wengi hucheka. Lakini hiyo ndiyo tofauti ya Olympos na Naoussa. Mwanga, lenzi, nauli na ruhusa vinafuata nyuma yake.

Nguo inayoamka na nguo inayolala

Olympos bado wapo kina mama watu wazima wanaoamka asubuhi na kuvaa kama mama zao walivyovaa. Hakuna sherehe. Ni Jumatano tu, kuna mkate wa kuoka. Gauni zito la rangi ya giza, aproni, kitambaa chenye maua kimefungwa kichwani, na miguuni stivania, buti za ngozi zinazopanda kuelekea goti. Ukimkuta mmoja wao anakokota majivu kutoka tanuri la nje, aproni imejaa unga na buti zimepauka vumbi, unaona nguo ikiwa kazini. Kamera huiona tofauti hiyo hata kama hujui neno moja la Kigiriki: kitambaa kimelegea pale mwili unapokunjika, na fundo la kichwani limefungwa bila kioo.

Sikukuu inapofika ndipo rangi zinapotoka. Wasichana huvaa vitambaa vya kung'aa, na kifuani kolaina, mkufu wa sarafu za dhahabu uliopangwa safu juu ya safu. Mtu wa pwani aliyezoea dhahabu za bibi harusi atatabasamu, ila asiupige kama pambo tu. Kwa desturi ya Karpathos, binti wa kwanza, wanayemwita kanakara, hurithi mali ya upande wa mama, na sarafu zile zimo katika anachokabidhiwa. Kwa hiyo kilichoning'inia pale shingoni ni daftari la ukoo. Ukishajua hilo unaacha kumpiga msichana peke yake. Unaanza kutafuta mama yake na bibi yake wamesimama wapi.

Naoussa ni kinyume chake. Mwaka mzima nguo imelala sandukuni, na mji ni mji wa watu wa jinzi, mapichi na mvinyo. Halafu zinakuja Jumapili mbili za mwisho kabla ya Kwaresima ya Waorthodoksi, na wanaume, wanaume peke yao, wanavalishwa. Genitsaros ana fustanella, ile sketi nyeupe ya marinda yasiyohesabika, kifua kizima kimefunikwa sarafu na minyororo ya fedha, upanga mkononi, na usoni prosopos, barakoa nyeupe ya kitambaa kilichokazwa kwa plasta na nta, iliyochorwa masharubu. Pembeni yake yupo Boula, bibi harusi mwenye gauni pana na maua kichwani, na ndani ya gauni hilo naye ni mwanamume. Jina Genitsaroi latokana na Janissari, askari wa sultani wa Kituruki, na wenyeji huihusisha desturi hii na uasi wa 1705, mji ulipokataa watoto wake wa kiume kuchukuliwa jeshini.

Wageni wengi huipiga Naoussa barabarani na kuondoka wameridhika. Picha iko chumbani. Sarafu zile hushonwa kwa mkono kwenye vazi, moja moja, na nyingine zimeazimwa kwa ndugu na marafiki. Kijana anasimama wima katikati ya chumba kama nguzo, mikono imeinuliwa, watu wanamzunguka wakikaza, wakishona, wakivuta. Hawezi kukaa, hawezi kuinama. Mwaka nilioingia kwenye nyumba moja nilipiga picha zaidi ya 300 za barabarani, na leo nimebaki na moja tu ninayoipenda: kidole gumba cha mama mmoja, kimefungwa plasta ya dukani kwa kuchomwachomwa na sindano, kikibana sarafu iliyosuguliwa mpaka sura ya mfalme haionekani tena.

Kamera inavyodanganywa

Mavazi haya yanaidanganya kamera kila moja kwa namna yake. Fustanella ikijaa kwenye fremu, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaitoa sketi ya kijivu kama shuka la hoteli ya bei nafuu. Ongeza mwanga. Lakini hapo hapo kifuani kuna fedha, na jua likiipiga inaungua kabisa, inabaki doa jeupe lisilorekebishika. Mimi hulinda fedha kwanza, halafu sketi naifufua baadaye kwenye kompyuta. Ndiyo maana RAW, faili ghafi la kamera lisilobanwa kama JPEG, si jambo la kujadili. Flashi iache begini. Sarafu mia moja ni vioo mia moja.

Olympos tatizo limegeuka. Nguo ni ya giza, ukuta wa nyuma ni chokaa nyeupe, na uso uko katikati ya vita hiyo. Nguo ikitawala fremu, kamera huongeza mwanga na uso unaungua. Ukuta ukitawala, uso unazama. Pima kwenye shavu, funga kipimo, usikiguse tena. Saa sita mchana usihangaike kabisa, labda uwe kwenye kivuli cha kichochoro ambamo chokaa ya ukuta wa pili inakurudishia mwanga laini wa bure.

Kuhusu kasi ya shata, Naoussa inataka uamue mapema. Genitsaros akisalimia huruka, mwili unatikisika ili fedha ilie. 1/500 itagandisha kila sarafu hewani. 1/60 itayafungua marinda kama mwavuli na kuuacha uso wa barakoa umetulia. Zote mbili nzuri, ila huwezi kuzipata kwa mruko mmoja. Na kwa kuwa barakoa haicheki wala hailii, tafuta hisia mahali pengine: namna mkono unavyoushika upanga, mtoto anayemkagua baba yake asiyemtambua, jasho linaloshuka shingoni chini ya ukingo wa plasta.

Olympos mchana shata si kitu, labda upepo, maana kijiji kimekaa njiani mwa meltemi, upepo mkali wa kaskazini, na kiangazi vitambaa vya kichwa havitulii. Kazi ni usiku. Sherehe ikihamia ukumbini, wapigaji wa lyra (fidla ndogo ya kusimamisha pajani), laouto (mfano wa udi) na tsambouna (zumari lenye mfuko wa ngozi ya mbuzi) hukaa mezani, na wachezaji huwazunguka polepole, saa baada ya saa, mpaka alfajiri. Taa ni chache na mbaya. ISO 3200 hadi 6400, lenzi ya milimita 35 inayofunguka hadi f/1.8, na subira. Katikati ya muziki watu hutungiana mantinades, beti za mistari miwili za papo kwa papo. Aliyekulia kwenye majibizano ya mashairi pwani atajua kinachoendelea kabla hajatafsiriwa. Mara nyingine beti humgusa aliyefiwa au aliye na mtoto ughaibuni, na mwanamume mzima analia mbele za watu. Hapo mimi hushusha kamera. Wapo wenzangu wanaoniona mjinga kwa hilo, na picha wanazo.

Kuruhusiwa

Kwa upande wa ruhusa, Naoussa ni rahisi mno barabarani na ngumu chumbani. Kundi, wenyewe husema boulouki, hupita nyumba kwa nyumba likiwakusanya wenzake kwa zurna, aina ya zumari, na ngoma, kisha huenda kwenye jengo la halmashauri kuomba ruhusa ya meya, halafu hufuata njia ile ile ya miaka yote. Hakuna atakayekuuliza kwa nini unapiga. Mnakuwa wapigapicha wengi mpaka mnapigana viwiko. Ila kuingia ndani wanapovalishana huwezi kwa kubisha hodi asubuhi ile. Fika siku mbili au tatu mapema, kaa kwenye mkahawa, sema wazi unachokitaka, na uchukue namba ya simu ili uwatumie picha. Ahadi hiyo uitimize, maana mwakani utarudi.

Olympos ugumu uko barabarani. Kiangazi mashua huleta wageni wa siku moja kutoka Pigadia, mji mkuu wa kisiwa, hadi bandari ndogo ya Diafani, na mabasi huwapandisha kijijini. Kwa saa chache vichochoro vinajaa watu wenye simu. Kina bibi waliokaa mlangoni mwa vibanda vya vitambaa wameshapigwa picha na maelfu ya watu ambao hawakuwaambia hata habari za asubuhi. Hawageuzi uso kwa sababu ya mila, wamechoka tu. Dawa ni moja: lala kijijini. Mashua ikiondoka mchana, viti vinatolewa nje, milango inafunguliwa, na wewe uliyebaki unaanza kuwa mtu.

Nilikuwa nimebaki hivyo jioni moja. Bibi mmoja alikuwa kwenye tanuri, mjukuu wake aliyekuja likizo kutoka Piraeus, bandari ya Athens, akanisaidia lugha. Nikamwita yiayia, yaani bibi, kama mjukuu alivyomwita, nikaomba kumpiga picha. Bibi alijibu kwa maneno mengi sana, mjukuu akayatafsiri kwa mawili: "Kaa. Kula." Nikala makarounes, tambi fupi za mkono zilizomwagiwa vitunguu vya kukaanga na jibini, nikijua saa ya mwanga mzuri inapita. Nilipomaliza akasema mikono yake nipige, uso hapana. Nikadhani ni haya. Mjukuu akaeleza: "Anasema hajavaa."

Alikuwa amevaa kila kitu nilichokifuata kutoka Athens. Kwake yeye hiyo ilikuwa nguo ya jikoni. Mavazi, kwa maana yake, ni yale ya Jumanne ya Pasaka.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaelewa vizuri wapigapicha wawili waliowahi kufanya kazi hii kabla yetu. Nelly's, mzaliwa wa Asia Ndogo, katika miaka ya 1930 aliwasimamisha wanavijiji kwa ustadi, mwanga umepangwa, nguo bora kabisa, kiasi kwamba kolaji zake ziliwekwa kwenye banda la Ugiriki katika maonesho ya dunia ya New York, 1939. Constantine Manos, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alizunguka vijijini na kungoja maisha yapite mbele ya lenzi. Sisi wa leo tunapenda kusema Manos ndiye mkweli. Yule bibi angemchagua Nelly's.

Sheria nayo ipo. Ugiriki imo katika Umoja wa Ulaya na kanuni zake za faragha zinakuhusu. Picha ya mtoto omba kwa mzazi, na picha ya kuuza chukua sahihi. Kanisani flashi ni marufuku hata kama hakuna aliyekwambia, na usimtangulie padri kwa ajili ya fremu.

Kama zote mbili haziwezekani

Metsovo, mji wa Wavlaki, jamii ya wafugaji wa milimani, katika milima ya Epirus, ni chaguo la heshima. Tarehe 26 Julai, sikukuu ya Mtakatifu Paraskevi, watu hucheza uwanjani kwa mavazi mazito ya sufu ya giza, na kuna barabara kuu inayokupitisha karibu. Hoteli nyingi, wenyeji wamezoea wageni. Mimi naiona imepangika kupita kiasi, ila kama unasafiri na familia isiyopenda kuamka saa kumi usiku, nenda Metsovo na usijute.

Megara ni ya asiye na pesa. Ni mji mdogo magharibi mwa Athens, treni ya kitongoji inakufikisha, na Jumanne ya Pasaka wanawake hucheza trata, mikono imepishana kama wavu wa wavuvi unaovutwa. Nguo ni nzuri kweli. Nyuma yao kutakuwa na magari na nyaya za umeme, kwa hiyo chukua lenzi ndefu. Tatizo la kuudhi ni kwamba siku hiyo ndiyo hiyo ya Olympos. Huwezi kuwa kotekote.

Kutambua nguo ya kukodi

Hili nitalisemea kidogo zaidi kwa sababu limewaaibisha wengi, nami nimo. Ukiona gauni refu la hariri, koti fupi la mahameli lililotariziwa dhahabu na kofia nyekundu yenye kishada, usiandike "vazi la kijiji fulani". Hiyo ni Amalia, mtindo uliobuniwa na malkia Amalia aliyefika Ugiriki mwaka 1837 kama mke wa mfalme Otto, ukasambaa nchi nzima. Vikundi vya ngoma na shule huupenda, hasa kwenye gwaride la 25 Machi. Ni vazi la Kigiriki, ndiyo, lakini si la mahali ulipo.

Nyingine hukodishwa dukani. Sogea karibu uangalie: sarafu za kukodi ni nyepesi, zote saizi moja, zinalia kama vifuniko vya soda, za urithi zina nchi tofauti, miaka tofauti, na matundu yasiyolingana. Utepe wa mashine hauna kosa, wa mkono una fundo upande wa ndani. Angalia pindo: nguo ya urithi imeshafupishwa na kurefushwa kwa ajili ya miili mitatu minne. Na angalia viatu, maana hapo ndipo watu hukosa uvumilivu. Ukitaka jicho lako lifunzwe kabla ya safari, pitia jumba la makumbusho ya mavazi la Lykeion ton Ellinidon katikati ya Athens, chama cha wanawake kilichoanzishwa na Kalliroi Parren mwaka 1911, au ufike Nafplio kwenye taasisi ya Ioanna Papantoniou iliyoanza 1974. Saa mbili za kutazama mishono nyuma ya kioo zilinisaidia kuliko lenzi niliyoinunua mwaka huo.

Nauli, siku na uamuzi

Naoussa: ndege hadi Thessaloniki, basi kupitia Veria, usiku tatu, umemaliza. Ni Februari au Machi, baridi kali, betri hufa haraka, weka ya akiba mfuko wa ndani. Vyumba vya kanivali hujaa mapema na bei hupanda. Olympos: ndege ya saa moja hivi kutoka Athens au meli ya zaidi ya nusu siku kutoka Piraeus, halafu barabara ya milima kutoka Pigadia. Chini ya usiku tano ni kujisumbua, kwa sababu mbili za kwanza hakuna atakayekuzoea. Chumba na chakula kijijini si ghali. Kinachokula pesa ni siku.

Mwenye wikiendi moja aende Naoussa bila kufikiria mara mbili. Atarudi na picha, hata mvua inyeshe. Mwenye wiki nzima na moyo wa kurudi na picha sita aende Olympos, na achague kati ya Jumanne ya Pasaka na 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria. Agosti kuna ngoma kubwa na wanakijiji waliohamia Piraeus na Baltimore wamerudi, lakini wageni nao ni wengi. Pasaka ni bora kwa mbali: sanamu takatifu hutolewa kanisani, msafara unapita makaburini ambako familia zimeweka vyakula juu ya makaburi ya watu wao, kisha mashambani kuombea mvua, na kurudi jioni ambapo watu hushindana kwa fedha kupata heshima ya kurudisha sanamu ndani. Nguo zote bora ziko nje, mwanga wa masika bado mpole, na wakati huo mashua za wageni ni chache.

Kwa 2027 Pasaka ya Waorthodoksi ni 2 Mei. Kwa hiyo Naoussa itakuwa Jumapili ya 7 na ya 14 Machi, na Olympos Jumanne ya 4 Mei. Mimi tiketi yangu ni ya Mei. Picha ya ile mikono nimeshaichapisha, saizi ya A4, iko kwenye bahasha ngumu isikunjike, na safari hii bibi atakuwa amevaa.